Mpima ardhi wa Dodoma na ulimwengu unaoongeza mwendo

Watu wengi wakimwona mpima ardhi barabarani hudhani kazi yake ni kuchungulia kwenye mashine ya miguu mitatu na kumpungia mkono kijana aliyeshika prizima, kioo cha kurudisha mwanga wa mashine, kule mbele. Hiyo ni sehemu ndogo. Kazi kubwa ni kujua umeanzia wapi. Hapa Dodoma, tangu ilipotangazwa mwaka 2016 kwamba serikali inahamia huku, viwanja vimepimwa kila upande: Iyumbu, Nala, Ihumwa, Mtumba. Mwenye kiwanja anazikuta bikoni zake za zege kwenye kona na kuziamini. Zimefika pale kwa kubebwa, kutoka alama ya msingi ya taifa kwenda alama ndogo, kutoka hiyo kwenda nyingine, mpaka kwenye kona ya uzio wake. Na kila mpima alipohama alibeba kidogo kosa la kule alikotoka. Mpima asiyelijali hilo atagombanisha mtaa mzima.

Naanza na haya kwa sababu ndiyo mlango nilioingilia kwenye habari ya nishati giza, jina la kile kinachodhaniwa kuusukuma ulimwengu upanuke kwa mwendo unaoongezeka. Chuoni hatukufundishwa mambo ya ulimwengu. Niliyasoma mwenyewe, usiku, kambini, wakati wa upimaji wa mipaka ya vijiji upande wa Bahi na Manyoni, ambako baada ya chakula hakuna cha kufanya ila kulala au kusoma. Nilikuwa nimeshasikia kwamba ulimwengu unapanuka, na kwamba upanuzi wenyewe unaongeza mwendo. Kilichonishika ni swali la mtu wa kazi yangu: wamepimaje? Huko hakuna tepu wala prizima inayofika.

Jibu nililipata kwa vipande, na kila kipande nilikitambua.

Sisi huamka mapema. Ikishapita saa nne asubuhi, joto la ardhi ya Bahi huifanya hewa ipepee, na ukiangalia kwenye lenzi unaiona prizima inacheza kama iko ndani ya maji. Mashine yenyewe hupima umbali kwa kutuma mwanga uende na kurudi, kwa hiyo kabla ya kuanza lazima uiambie joto na mgandamizo wa hewa. Ukikosea nyuzi moja tu ya joto, kilomita moja inakuja na kosa la kama milimita moja. Ni kidogo, lakini lipo, na likijirudia kituo baada ya kituo linakua. Basi kwa kuamka mapema hivyo, mwezi wa Oktoba saa kumi alfajiri, nikiwa nasubiri chai, niliyaona mawingu mawili madogo upande wa kusini ambayo hayasogei na upepo. Moja kubwa kiasi, na jingine dogo zaidi, chini yake kuelekea kulia. Ni Mawingu ya Magellan, galaksi mbili, yaani makundi makubwa ya nyota, jirani na yetu. Watu wa Ulaya hawayaoni kwao. Sisi tunayaona kwa macho matupu, juu ya mibuyu, pasipokuwa na mbalamwezi.

Nimeyapenda mawingu hayo kuliko kitu chochote cha angani, kwa sababu mojawapo ni bikoni. Mwaka 1912 Henrietta Leavitt wa Harvard, mwanamke aliyeajiriwa kupima nyota kwenye picha za vioo zilizopigwa Arequipa, Peru, alieleza nyota 25 za lile wingu dogo ambazo mwanga wake hupanda na kushuka kwa mpangilio. Aliona kwamba zinazong'aa zaidi huchukua siku nyingi zaidi kumaliza mzunguko wake. Zote ziko umbali karibu uleule, kwa hiyo tofauti ya mng'ao ilikuwa ya nyota zenyewe. Ukihesabu siku za mzunguko, unajua nyota ina nguvu kiasi gani. Ukijua nguvu yake na ukipima mwanga unaokufikia, unapata umbali. Nyota hizo huitwa sefeidi. Kwa mwanamke anayeshinda juani akisoma namba za mashine, kusoma habari za Leavitt kulinigusa kuliko ninavyoweza kueleza. Alifariki mwaka 1921, kabla Edwin Hubble hajatumia sefeidi kuonyesha kwamba kuna galaksi nyingine nje ya hii yetu, na kabla ya mwaka 1929 Hubble alipochapisha kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo inavyotukimbia kwa kasi zaidi.

Mnyororo wenyewe unakwenda hivi. Unaanza na kitu unachokijua vizuri kabisa, yaani upana wa njia ya dunia kulizunguka jua, na kwa pembetatu unapata umbali wa nyota za karibu. Hiyo ni hesabu yetu ileile ya pembe na mstari wa msingi, ila mstari wao una urefu wa kilomita kama milioni 300. Kutoka hapo unapata sefeidi za karibu. Kuna njia nyingine ya kuthibitisha: lile wingu kubwa la Magellan limepimwa kwa jozi za nyota zinazofunikana, na mwaka 2019 umbali wake ulitolewa kwa usahihi wa asilimia moja, takriban miaka ya nuru 162,000, mwaka wa nuru ukiwa umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja. Kutoka sefeidi unakwenda kwenye galaksi za mbali kidogo, na kutoka huko unahitaji taa kali zaidi, kwa sababu sefeidi hazionekani tena. Taa hiyo ni nyota inayolipuka, supanova, ya aina inayoitwa Ia.

Hapa nilikwama, na aliyenikwamua ni mzee mmoja wa Kigogo. Tulikuwa tumepiga hema karibu na kaya yake, akatukaribisha ugali wa uwele na mlenda. Mbali kwenye mbuga kulikuwa na moto unawaka. Nilikuwa namsimulia nilichokuwa nasoma, akanyoosha mkono kuuelekea ule moto.

"Mjukuu wangu, ule moto uko mbali gani?"

"Kwa macho tu siwezi kujua, babu."

"Haya. Unaweza kuwa mtu anachoma majani hapa jirani. Unaweza kuwa pori zima linateketea kule ng'ambo. Sasa hizo nyota zenu, nani kawaambia moto wake ni mkubwa kiasi gani?"

Sikuwa na jibu la kumtosha usiku ule. Nililitafuta, na kesho yake nikamrudia nalo. Supanova ya aina Ia hutokana na nyota kibete nyeupe, mabaki ya nyota iliyokwisha kuni zake. Kibete hicho kikiwa na mwenzake, huweza kulishwa mata, yaani maada, mpaka kikaribie kikomo cha uzito wa takriban mara 1.4 ya jua letu, kisha kinalipuka chote. Kwa kuwa kikomo ni kilekile, milipuko inafanana, ingawa si sawasawa kabisa. Mwaka 1993 Mark Phillips, akifanya kazi Cerro Tololo nchini Chile, alionyesha kwamba ile inayong'aa zaidi hufifia polepole, na ile hafifu hufifia haraka. Ukiifuatilia kwa wiki kadhaa, mwendo wake wa kufifia unakuambia ilikuwa na nguvu kiasi gani tangu mwanzo.

"Kwa hiyo mnakaa mnautazama unavyozima," mzee akasema.

"Ndiyo, babu."

"Hapo sawa."

Shida ni kwamba katika galaksi moja milipuko ya namna hiyo hutokea mara chache tu katika miaka elfu. Huwezi kukaa unasubiri kwenye galaksi moja. Kundi la Saul Perlmutter huko Berkeley, Marekani, lilipata mbinu ambayo mtu yeyote wa uwandani ataiheshimu: piga picha maelfu ya galaksi mara tu baada ya mwezi mwandamo, rudia mahali palepale wiki kama tatu baadaye kabla mwezi mwingine haujaandama, kisha toa picha ya kwanza kutoka kwenye ya pili. Kinachobaki kikimeta ni kipya. Usiku wa giza unakuwa bado upo, na darubini kubwa zimeshawekewa nafasi. Kundi la pili liliongozwa na Brian Schmidt akiwa Australia, na aliyeongoza uchambuzi wake ni Adam Riess. Makundi haya yalikuwa yakishindana waziwazi.

Yote mawili yalitafuta kitu kimoja: upanuzi unapungua mwendo kiasi gani? Hakuna aliyeuliza kama unapungua. Mvutano wa mata yote iliyopo lazima uuvute nyuma, ndivyo ilivyoaminika.

Kila supanova inatoa vipimo viwili tofauti. Ufifi wake unatoa umbali. Rangi yake inatoa kitu kingine, yaani ulimwengu umetanuka mara ngapi tangu mwanga ule uondoke, kwa sababu mawimbi ya mwanga hutanuka pamoja na anga linalopitiwa na kusogea upande wa wekundu. Mwanga ulioondoka ulimwengu ukiwa theluthi mbili ya ukubwa wake wa sasa unatufikia mawimbi yake yakiwa marefu mara moja na nusu. Sasa fuatilia hesabu. Kama zamani ulimwengu ulikuwa ukipanuka kwa kasi kubwa na sasa umepungua mwendo, basi safari ya kutoka theluthi mbili kufika hapa ilichukua muda mfupi; mwanga ulisafiri umbali mfupi, na supanova itaonekana kali. Kama zamani upanuzi ulikuwa wa taratibu na baadaye ukaongezeka, muda ulikuwa mrefu, mwanga ulisafiri mbali zaidi, na supanova itaonekana hafifu. Mchoro wa aya hii ninao kwenye daftari la uwandani, katikati ya kurasa za pembe na umbali wa mpaka wa kijiji.

Zilionekana hafifu. Kundi la Riess na Schmidt, mwaka 1998, lilikuwa na supanova 16 za mbali pamoja na 34 za karibu, na zile za mbali zilikuwa mbali zaidi kwa asilimia 10 hadi 15 kuliko ambavyo zingekuwa katika ulimwengu wenye mata kidogo na usio na kitu cha kuusukuma. Kundi la Perlmutter lilikuwa na 42, nalo likafika palepale. Mwaka 2011 watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Kwa mpima, jambo zito katika habari hii ni hilo neno 'palepale'. Sisi tukitembeza mstari wa vituo kutoka alama moja, hatuuamini mpaka tuufunge kwenye alama nyingine inayojulikana. Namba uliyoipata ukifika pale na namba iliyoandikwa tangu zamani zikikaribiana, umefunga. Hawa walianza na orodha tofauti za nyota na uchambuzi tofauti, kila upande ungefurahi kumkosoa mwenzake, na wote wakafunga mahali ambapo hakuna aliyetaka kwenda. Baadaye zikaja njia ambazo hazihusiani na supanova hata kidogo. Mnururisho, yaani mwanga hafifu usioonekana kwa macho, uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga, uliopimwa na vyombo vya angani WMAP na Planck, na mpangilio wa galaksi angani uliotambuliwa mwaka 2005, ambamo galaksi hupenda kutengana kwa umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 490, vyote vinadai kiasi kilekile: karibu asilimia 68 ya kila kilichopo ni nishati giza, asilimia 27 mata giza, yaani mata isiyoonekana inayojulikana kwa mvutano wake tu, na asilimia 5 tu ndiyo sisi, udongo, maji na nyota zote.

Kabla ya hapo, lakini, walijihoji sana, na sehemu hiyo ndiyo iliyonifundisha zaidi. Nyota hafifu inaweza kuwa mbali, na pia inaweza kuwa nyuma ya vumbi. Mkazi wa Dodoma haelezwi vumbi ni nini. Mwezi wa Septemba upepo ukivuma, jua linazama jekundu kabla halijafika kwenye upeo, kwa sababu vumbi huzuia mwanga wa buluu zaidi kuliko mwekundu. Ndivyo wanavyolikamata vumbi la angani: wanapima supanova kwa zaidi ya rangi moja, na wekundu uliozidi unaonyesha vumbi kiasi gani limepitiwa. Watu wakauliza, je, kama kuna vumbi la ajabu linalofifisha rangi zote sawasawa? Jibu likaja mwaka 2001 kwa supanova ya mbali sana, iliyoonekana kwenye picha za darubini ya anga ya Hubble za mwaka 1997. Vumbi la namna hiyo lingeifanya hafifu zaidi na zaidi kadiri inavyokuwa mbali. Ilikuwa kali kuliko hapo, sawa kabisa na ulimwengu ambao mwanzoni mvutano wa mata ulikuwa ukiupunguza mwendo, na kisha, kama miaka bilioni 5 au 6 iliyopita, ukaanza kuongeza.

Sababu ya kugeuka huko ni rahisi kuielewa kuliko nishati yenyewe. Ulimwengu ukitanuka, mata inatawanyika na mvutano wake unadhoofika. Nishati giza, kama kweli ni sifa ya anga tupu, haitawanyiki. Anga likiongezeka nayo inaongezeka. Ikafika siku ikashinda. Einstein alikuwa ameingiza kitu kama hicho kwenye hesabu zake mwaka 1917 kwa sababu nyingine, ili kuuzuia ulimwengu usianguke ndani, kisha akakitoa. Ni nini hasa, hakuna anayejua. Yule mzee aliponiuliza nani anausukuma, nilimjibu hivyohivyo.

Kuna kesi moja niliitiwa ambayo sitaisahau. Majirani wawili, pembezoni mwa mji, kila mmoja na ramani yake iliyopimwa, na kati yao kipande cha ardhi ambacho ramani zote mbili zinakidai. Walikuwa wameshaacha kusalimiana. Nilipitia kazi zote mbili kwa siku kadhaa, pembe kwa pembe, na kila moja ilikuwa safi. Wapima wote wawili walikuwa makini. Tofauti ilikuwa kwenye alama walizoanzia. Mmoja alitumia namba za mfumo wa zamani, Arc 1960, na uhamisho wa kuzileta kwenye mfumo mpya ulikuwa wa kukadiria. Jiwe lilelile, katika mifumo hiyo miwili, lina namba zinazopishana mamia ya mita, na ukikosea kidogo tu katika kuzihamisha, kosa linatua kwenye uzio wa mtu. Ningekagua pembe mpaka leo nisione kitu.

Ndiyo maana ninaufuatilia kwa karibu mgogoro wa namba ya Hubble. Ukiupima mwendo wa upanuzi wa sasa kwa mnyororo wa sefeidi na supanova, kama wafanyavyo Riess na wenzake, unapata kilomita 73 hivi kwa sekunde kwa kila megaparseki, yaani kwa kila miaka ya nuru milioni 3.26. Ukianzia upande wa pili, kwenye ule mnururisho wa zamani uliopimwa na Planck, na kupiga hesabu kuja mbele, unapata 67. Mstari haufungi. Kosa dogo la kufunga sisi huruhusiwa kuligawa kwa vituo vyote, kila kimoja kikabeba chembe yake, na mchoro ukapendeza. Kosa likizidi kiwango, kuligawa ni kuficha, na kanuni inakurudisha uwandani. Wao wamerudi uwandani. Darubini ya James Webb imezikagua sefeidi upya na kuthibitisha kwamba darubini ya Hubble haikuzisoma vibaya. Kundi la Wendy Freedman, likitumia pia nyota za aina nyingine, limepata karibu 70, katikati. Mimi, kwa nilichokiona kwenye ile kesi ya majirani, ningetazama sana vituo vya kwanza vya kila mnyororo, ingawa inawezekana pia kwamba kinachokosekana kiko kwenye fizikia yenyewe.

Na sasa kuna DESI, chombo kilichofungwa kwenye darubini ya Mayall huko Kitt Peak, Arizona, chenye nyuzi 5,000 za kunasa mwanga, kila moja ikielekezwa kwenye galaksi yake kwa roboti ndogo. Matokeo yake ya mwaka 2024, na yale ya Machi 2025 yaliyotumia galaksi na kwazari (vitovu ving'avu vya galaksi za mbali sana) zaidi ya milioni 14, yanaashiria kwamba nishati giza huenda si ya kudumu. Huenda imekuwa ikidhoofika. Ushahidi haujafika kiwango ambacho wanafizikia hukiita ugunduzi, nao wenyewe wamesema hivyo bila kuzungukazunguka. Nimewaheshimu kwa hilo. Ingekuwa rahisi kutangaza.

Vijana ninaowafundisha kazi sasa nawaagiza waandike kosa la kufunga kwa wino, kabla ya marekebisho, hata likiwa la aibu. Mwanzoni walinung'unika kwamba mteja akiliona atadhani hatujui kazi. Wapo wateja waliouliza kweli. Nimewaonyesha namba, nikawaeleza imetoka wapi na iko ndani ya kiwango gani, na waliosikiliza mpaka mwisho wametia saini. DESI inaendelea kukusanya data, na darubini ya Vera Rubin huko Cerro Pachón, Chile, iliyotoa picha zake za kwanza Juni 2025, itapata supanova nyingi kuliko zote zilizowahi kuhesabiwa. Matokeo yakitoka nitaanza kusoma kwenye jedwali la makosa.